Shangazi Ndiye Mwenye Jina

Asubuhi ile Anil alikunywa chai mara tatu na hakuna iliyoshuka vizuri. Mzee wa hekalu alikwisha kupiga hesabu za nyota: jina la mtoto lianze na K. Na kwao anayetoa jina si baba wala mama, ni shangazi. Shangazi mwenyewe, dada yake Shanta, alikuwa njiani kutoka Iringa.

"Na usipolipenda?" aliuliza Yudith, jirani yao hapo Uyole, aliyeitwa kushika pembe moja ya kitambaa cha kumbembezea mtoto wakati wa kumpa jina.

"Ndilo hilohilo. Halirudishwi."

"Makubwa! Huyo shangazi ni hakimu kabisa!"

Majina ya K yako tele, lakini Anil alisikia moja tu: Kunal. Maana yake ndege mwenye macho mazuri, na mwana wa Shanta alikuwa na macho hayo hasa. Enzi hizo Anil akisimama getini Iringa na kuita "Kunal!", Shanta hujibu kutoka jikoni, "Anakuja!", na mtoto hutoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Siku moja alitoka vilevile, akapanda pikapu ya mjomba wake Anil kwenda Rujewa kuchukua mchele. Pikapu ilipinduka. Mjomba alirudi, mtoto hakurudi.

Tangu hapo Shanta hakumsemesha nduguye, na katika ukoo mzima hakuna aliyethubutu kulitaja jina lile. Sasa anakuja kulipiza, Anil aliwaza. Atanifunga nalo shingoni, nimwite mwanangu kwa jina la niliyempoteza, kila siku ya Mungu. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya haki.

Shanta aliingia na shali yake mabegani. Hakumsalimia. Alinawa mikono, akasogea pale wanawake wanne waliposhika kitambaa pembe nne, wakimbembeza mtoto ndani yake. Sneha, mke wa Anil, alimkodolea mumewe macho: sema neno!

"Dada, nakuomba..."

"Nyamaza. Hii kazi yangu."

Aliinama, akanong'ona sikioni mwa mtoto. Kisha akainua uso.

"Kunal."

Sneha alishika kifua. Yudith, asiyejua lolote, alipiga kigelegele, kikamkatikia kooni alipoona nyuso za watu.

"Mlinifichia jina la mwanangu," Shanta alisema. "Mkadhani mnanihurumia. Watu wote kimya, kama vile sikuzaa! Anil, wewe ndiye uliyezoea kumwita. Mwite."

"Siwezi, dada."

"Mwite!"

Anil alikuwa analia waziwazi mbele ya wanawake wote wale. Akajikaza, akaita kwa sauti ileile ya getini.

"Kunal!"

Shanta alimtoa mtoto kitambaani, akamfuta uso kwa ncha ya shali.

"Anakuja!" alijibu, akampelekea.