Majani ku Pikipiki ya Swedi

Ile siku batu balikuya kuzika bwana yangu, bwana yangu alikuwa amekaa ku kiti, miguu mu beseni, iko ananisumbua juu chai haikukuwa na sukari ya kutosha.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Swedi, bwana yangu, ni motari, kazi yake kubeba batu ku pikipiki. Ata leo ninasema "ni". Alipangaka pikipiki yake ku parkingi ya Majengo, pale bamotari banangojea batu ba kubeba, zamani mbele miye nimujue. Ata ile januari risasi zililia mu Goma, yeye alikuwa nabeba bamama benye mimba kufikisha ku hopitali. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Daktari akamusikiliza kifua, akasema moyo imekuwa kubwa, imechoka, haisukume tena damu muzuri. Kulala chini hapana, anakosa pumuzi, analala amekaa, mito mu mugongo. Chumvi hapana. Kubeba batu, hapana kabisa.

Basi nikatwaa ufunguo ya pikipiki. Miye, Saumu. Bamama ba mu avenue yetu balishika mudomo.

Asubui ninamunawisha, ninapika maharagi ya bila chumvi (nasi sote tunakula ile ile, mwenye haitaki akule kwao), ninapanga mito, ninamuwekea telefoni mu mukono. Tulipatana hivi: akibipu mara moja, iko muzuri, amenikumbuka tu. Akibipu mara mbili, nikuye. Na nilikuwa nakuya! Siku moja nilishusha papa moja wa kositime, suti nzima, katikati ya Ndosho, mu vumbi.

"Mama, unaniacha hapa?"

"Papa, bwana yangu amebipu mara mbili. Shuka, usilipe."

"Na bibi yangu miye akibipu?"

"Utaniita, nitakupeleka kwake bure."

Alicheka, lakini alishuka.

Shida haikukuwa bakliyan, bale batu ninabeba. Shida ilikuwa Théoneste, prezidenti wa parkingi. Ku parkingi yao kuko desturi mbili. Motari akikufa, fasi yake, nafasi yake mu mustari, inabakia ya mujane, atapanga yeye ao ataweka mutu. Motari akigonjwa, banamungojea kidogo, kisha fasi inapewa mwingine. Na jile ya motari, ile koti ya bila mikono, ya rangi yenye tunaona toka mbali, bibi haiwezi kuivaa wakati bwana iko hai. Banasema ni sawa vile unamuzika.

"Mama Saumu," Théoneste aliniambia mbele ya bote, "miye siko mutu mubaya. Lakini siku ya kwanza ya juma, ile fasi ninaipatia Cédrick."

Cédrick, shemeji yake! Leki, ndugu mudogo ya bibi yake! Alikuwa pale, amekaa juu ya pikipiki ya mupya, iko nacheka na telefoni yake.

"Na miye nitabeba batu wapi?"

"Kaa na mugonjwa, mama. Kazi ya bibi ni mugonjwa."

"Na dawa ya mugonjwa ni kazi ya nani? Yako?"

Akageuka. Bila fasi, unazunguka barabarani kuokota bakliyan sawa mwizi, na kila parkingi inakufukuza. Ata vile, bila jile, nilikuwa nafukuzwa parkingi ya Virunga, nafukuzwa ya Katindo. Bila ile fasi hakuna dawa, na bila dawa Swedi anazama ndani ya maji ya mwili yake mwenyewe. Njo hivi ilikuwa.

Sasa, Mama Béata. Ni jirani yetu, mutu wa Rutshuru, mukristu wa kuomba kwa sauti mpaka ukuta inasikia. Akaona miguu ya Swedi, akaniambia: "Tafuta majani ya mubirizi, yenye iko muchungu. Chemsha, umunawishe miguu. Kunywa hapana, daktari atanifunga. Kunawa tu."

Siku ya ijumaa nikapata kliyan wa Munigi. Kule mubirizi iko ku lupango, ndani ya viwanja ya batu. Mama moja akanikatia matawi makubwa, ya kijani, muzuri. Kurudia, nikapata kliyan mwingine na gunia yake ya makala. Nyuma kukajaa. Majani nitaweka wapi? Nikaifunga mbele, ku gidon, ile usukani, kuzunguka taa. Nikaenda.

Njiani telefoni ikabipu. Ikabipu tena.

Mama wee! Nilikamata ile pikipiki vile sijapata kukamata. Vumbi ya mawe ya volkano ikaniingia mu macho, machozi inashuka, pua inashuka, nikapita mbele ya parkingi ya Majengo bila kupunguza. Na kitu ya kushangaza: bamotari bote balisimama. Balitosha kaske, kofia yao ngumu, ku kichwa. Kamate, muzee wao, akainamisha kichwa kabisa. Nikawaza: Alhamdulillahi, leo balijua heshima!

Nikashusha kliyan na makala yake, nikafika nyumbani mbio. "Swedi! Ni nini?"

"Nataka kwenda choo."

"Choo tu?"

"Ulitaka nini, tetemeko?"

Nikamupeleka, nikamurudisha, nikaweka majani mu maji ya moto. Njo pale telefoni yake ikaanza kulia. Ting. Ting. Ting-ting-ting. Gurupe ya WhatsApp ya parkingi. Akaisoma, akakunja uso.

"Saumu. Niko nakufa wapi?"

"Nini?"

Akanionyesha. Foto yangu, Cédrick ndiye aliipiga: pikipiki ya Swedi, majani ku gidon, miye nalia. Ku Goma kila mutu anajua. Motari akikufa, benzake banafunga majani mbele ya pikipiki, banatembea pamoja na honi mpaka ku kaburi. Na miye, mujinga, nimepita mu mujini mwote na kilio yangu ku taa!

Chini ya foto, kila mutu alikuwa ameandika. Pole. Alale salama. Ndugu yetu ametutangulia.

"Ona Kamate!" Swedi alikuwa nacheka mpaka nikamushika kifua. "Anasema sikuwaka na ugomvi na mutu. Kamate huyu! Alinipigaka na kaske!"

"Pumua kwanza."

"Niko napumua. Niandike kwamba niko hai?"

Mbele nijibu, sauti ya Théoneste ikaingia mu gurupe, nzito sawa ya pasta: "Bandugu, Swedi ni muislamu. Baislamu habangojake, kufika jioni atakuwa mu udongo. Tusipoteze wakati. Kila mutu majani, tuende kwake sasa. Na ile mambo ya fasi, nitaitangaza mbele ya mwili, vile desturi inasema."

Tukaangaliana. Swedi alikuwa na kidole tayari juu ya kioo.

"Usiandike," nikasema.

"Saumu, ni zambi. Batu balie mutu muzima?"

"Nani aliwadanganya? Uliandika kitu? Miye niliandika? Balijisemea beye benyewe."

Akaniangalia. Kisha ile macho yake ya zamani, ya motari mwenye ameona barabara bila polisi, ikarudia. "Basi niletee shati nyeupe. Na sukari mu chai, siwezi kuzikwa na chai ya hivi."

Nilikuwa ningali nasugua miguu yake na mubirizi wakati honi zikaanza. Kwanza mbali, kisha avenue yote ikatetemeka. Nikatoka ku mulango, nikavuta pazia nyuma yangu. Mama yangu! Pikipiki mpaka kule barabara inapinda, zote na majani, ungesema pori imeota magurudumu. Mama Béata akatoka na mwiko mu mukono.

"Nani amekufa?"

"Nyamaza kidogo, Mama Béata," nikamunongonezea. "Hakuna."

Théoneste akashuka, akatosha kaske, akaweka mukono ku kifua. Honi zikanyamaza.

"Mama Saumu. Swedi alikuwa ndugu. Miye kama prezidenti, mbele ya bote hapa, ninasema: fasi yake ku parkingi ni yako. Utavaa jile yake, utapanga mustari sawa motari yeyote. Na mwenye atakufukuza, atuone sisi."

"Atuone!" bakaitika.

"Rudilia, prezidenti," nikasema. "Ba kule nyuma habakusikia."

Akarudilia, kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo inje.

"Miye nilisikia," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Swedi akatoka. Shati nyeupe, miguu inachuruzika maji ya mubirizi, amekamata ukuta, glasi ya chai mu mukono. Wallahi, motari moja alianguka na pikipiki yake. Mwingine akapiga alama ya musalaba, na huyu ni Idriss, muislamu sawa sisi!

"Aksanti, prezidenti," Swedi akasema. "Ulisema muzuri. Ata miye nilitaka kulia."

Théoneste akabadilika rangi. "Ni udanganyifu! Nilisema mbele ya mujane. Hapa hakuna mujane. Ile neno ninairudisha!"

Njo pale kitu ilipasuka ndani yangu. Sikupandisha sauti. Nilitwaa kiti ya Swedi, nikaiweka inje, katikati ya avenue, mbele ya miguu ya Théoneste.

"Basi kaa, prezidenti. Kaeni bote. Mungoje. Daktari anasema moyo imechoka, labda hamutakawia sana. Akikufa, mutanipatia fasi, majani iko tayari. Si njo munataka?"

Nikageukia bale ba nyuma.

"Angalieni vile muko wengi! Kwa kumuzika, mulipata mafuta, mulipata majani, mulipata wakati. Alipogonjwa nani alikuya, ata na pikipiki moja? Miye nitavaa ile jile. Simuziki. Njo inamuweka hai. Na kama mutu hapa anaona ni haya, aseme jina yake, nisikie."

Cédrick alikuwa naangalia viatu. Mama Béata akanyanyua mwiko: "Amina!"

Muzee Kamate akakohoa. "Lakini… haya majani? Majani ikifungwa haifunguliwe bure. Lazima isindikize mutu, kama sivyo inatafuta mwingine."

"Musindikize," nikasema. "Leo saa tisa Swedi iko na randevu ya daktari ku hopitali."

Kamate akaangalia Théoneste. Théoneste akaangalia ile pikipiki zote, ile batu bote, na kiti mbele yake. Akavaa kaske. "Haya," akasema, pole sana, sawa mutu anameza kidonge.

Miye mbele, Swedi nyuma yangu amefungwa na kitenge yangu asianguke, jile yake ku mugongo yangu. Nyuma yetu pori nzima na honi. Batu barabarani banatosha kofia, banainamisha kichwa, na Swedi anabapungia mukono. Mama moja wa samaki aliacha beseni yake, akakimbia.

Siku ya kwanza ya juma nilikuwa mu mustari asubui, kati ya Kamate na Cédrick. Théoneste akapita, akasema bila kuniangalia: "Mustari haingoje mutu wa kubipiwa."

Saa ile ile, telefoni ikabipu. Ikabipu tena.

Nikatosha tawi moja ya mubirizi yenye ilikuwa ingali ku gidon, nikailaza chini, pale pale gurudumu yangu ilikuwa.

"Naenda kuona bwana yangu," nikasema, bote basikie. "Mwenye atakanyaga hii, amezika Swedi mbele siku yake ifike. Atajieleza mbele ya bamotari bote."

Niliporudia, jua ilikuwa kali, Cédrick alikuwa amejikunja pembeni na pikipiki yake ya mupya, na majani ilikuwa imekauka pale chini. Hakuna gurudumu ata moja iliigusa.

Nikaiokota. Nikapanga.

"Nani anaenda Munigi?" nikaita.