Cherehani ya Mama Haikanyagwi

Jumanne asubuhi mama alikanyaga cherehani mara mbili, ya tatu ikagoma. Akaikazia macho kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Halafu akapiga meza kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, na kunyoosha kidole chini, kwenye pedali.

Sikuuliza kitu. Katika nyumba yetu cherehani ikigoma ni uchafu, na mwenye kazi ya uchafu ni mimi, tangu nina miaka tisa.

Mama ameshonea watu nguo miaka thelathini na sita. Miezi saba iliyopita kiharusi kilimpiga, kikachukua upande wa kulia pamoja na maneno yote. Kilimwachia "mm" ya kukubali na "mm" ya kukataa, na kuzitofautisha tujijue wenyewe. Dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali alihangaika naye kwa mipira na kamba, mama akawa anatazama dirishani. Siku moja dada huyo akaniuliza huyu mzazi alikuwa anafanya kazi gani. Nilipomwambia, akacheka.

"Kumbe mna mashine ya mazoezi nyumbani na hamjui! Mkalisheni hapo asubuhi na jioni. Mguu wa kushoto uwekeni pembeni, wa kulia ndio ufanye kazi. Na msiruke hata siku moja, dada. Mkiuacha huo mguu ulale, kuuamsha tena itakuwa shughuli."

Wiki tatu pedali haikutikisika. Wiki ya nne ikaenda. Mwezi wa tatu mama alishona mstari mmoja uliopinda kwenye shuka kuukuu, nikalia mpaka wifi, mke wa kaka yangu, akaniletea maji ya kunywa. Kuanzia siku hiyo nikawa nawaambia majirani bila aibu kwamba mama yangu atatembea. Nilikuwa nimeshika hilo tu, sikuwa na lingine la kushika.

Sasa lazima nieleze jambo moja, ingawa linanichoma. Cherehani ya mama haikanyagwi na mtu mwingine. Mama anaamini mguu mgeni unaiharibu. Imezoea uzito wake, alikuwa akisema, wewe ukiikanyaga leo, kesho itamkatia nyuzi. Kaka yangu aliwahi kuikanyaga kwa mchezo tukiwa wadogo, akachapwa mpaka akaiomba msamaha cherehani yenyewe. Mimi niliruhusiwa kuifungua, kuipangusa, kuitia mafuta na kuifunga. Kuikanyaga, thubutu! Mpaka leo na mvi zangu, suruali ikinichanikia nampelekea fundi wa pale kona.

Basi nikaifungua. Nilitoa kibati kilicho chini ya sindano, na juu ya yale meno yanayosukuma kitambaa nikakuta vumbi la nyuzi limeshikana mpaka linabanduka kama kipande cha blanketi. Nikaingiza mswaki wa zamani, ukatoka na utelezi wa njano unaonata. Nikaunusa. Nikamwita wifi, ambaye ndiye tunayesaidiana kumuuguza mama kaka akiwa kazini mbali.

"Wifi, nani ametia mafuta ya kupikia humu?"

Akapangusa mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ilikuwa inalia, wifi. Nikaona niisaidie. Kijiko kimoja tu."

"Kijiko! Ulikuwa unaikaanga?"

"Si mafuta ni mafuta?"

"Ule mguu ukilala, wifi, utakuwa umemuua mama kwa kijiko chako. Ujue hivyo."

Akarudi jikoni. Sikumhurumia. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu ulimi wangu haushikiki.

Kutwa nzima nikaosha chuma kimoja kimoja kwa mafuta ya taa. Nikakausha kwa kitambaa, nikatia mafuta yake halisi, tone moja kila tundu, kama mama alivyonifundisha. Jioni gurudumu lilizunguka kwa kidole kimoja, bila kelele. Tukamkalisha mama. Pedali ikakaa pale pale. Akapiga meza, akanyoosha kidole chini.

"Mkanda," nikasema. "Mama anasema mkanda umekaza."

Jumatano nikashughulika na mkanda. Niliulegeza, ukateleza. Nikaukaza, nikaulegeza tena nusu ya nilivyoukaza. Asubuhi hiyo wifi alipomnyanyua mama kutoka kitandani aliguna.

"Mama amekuwa mzito leo."

"Wewe ndiye umechoka," nikamjibu, kichwa changu kikiwa chini ya meza.

Mchana mama aliangusha kijiko cha uji, na alipopewa kingine akafumba mdomo. Nikasema amenuna. Mama ni bingwa wa kununa, akikasirika hali chakula cha mtu, na mimi nilijua kinachomkasirisha. Siku mbili nzima mguu wake ulikuwa haujafanya kazi. Nilizihesabu saa, nikaona miezi saba ya jasho inamwagika mbele yangu kwa sababu ya chuma. Nilitaka hata kumkanda ule mguu, lakini mikono yangu ilikuwa inanuka mafuta ya taa mpaka kwenye viwiko. Nikasema nitamkanda cherehani ikipona.

Alhamisi nikashuka kwenye miguu ya cherehani yenyewe. Nilifungua fimbo inayounganisha pedali na gurudumu kubwa, nikatoa kutu, nikatia mafuta, nikafunga. Kwa mkono pedali ilikwenda. Nikajiambia mkono si mguu. Tukamkalisha mama kwa mara ya nne, tukampangia unyayo wake vizuri. Jasho likamtoka. Pedali haikusogea hata kidogo. Mama hakupiga meza safari hii. Alinitazama tu, machozi yakimtiririka, na kidole chake kikielekea kule kule chini.

Nikakaa sakafuni na bisibisi yangu. Niliwaza kumwita fundi, kuiuza, kuivunja kwa nyundo. Nikamwambia Mungu maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Wifi alimsogeza mama pembeni na kiti chake. Halafu, sijui kilichomwingia, akavuta stuli, akaketi, akaweka mguu wake kwenye pedali.

"Toa mguu wako hapo!" nikapiga kelele. "Huna adabu? Mbele yake!"

Wifi ambaye hajawahi kushona hata kifungo akakanyaga. Cherehani ikaenda. Ikaenda laini, haraka, sindano ikipanda na kushuka, gurudumu likitoa upepo. Akatoa mguu kwa woga, nayo ikaendelea peke yake kidogo kabla ya kusimama.

"Mbona ni nyepesi, wifi?" akasema. "Ni nyepesi kabisa."

Nikamgeukia mama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala ubavu sakafuni, jinsi ulivyoachwa. Kidole chake kilikuwa kinauonyesha. Hakikuwa kimewahi kuonyesha kitu kingine.

Nilitambaa mpaka pale, nikaushika kwa mikono yangu michafu. Ulikuwa wa baridi. "Sukuma, mama. Nisukume mimi. Kidogo tu." Nilisubiri. Nikatazama uso wake kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, namaanisha kuutazama kweli, nikaona mdomo ulivyoteremka upande mmoja. Sikuhitaji kuambiwa na mtu kwamba kiharusi kilikuwa kimerudi.

Hospitali walitupokea mbio. Daktari alikuwa kijana, anatembea huku anatoa amri, huyu alete kitanda, yule afungue chumba cha picha ya kichwa. Akatugeukia.

"Imeanza lini? Nataka saa. Kuna dawa, lakini ina muda wake, ni saa chache tu tangu ilipoanza."

Wifi akanitazama, akaniona nilivyo.

"Leo asubuhi," akasema upesi. "Saa tatu, daktari. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Kama kuna kosa ni langu."

Huyo ndiye niliyemwambia amemuua mama kwa kijiko. Daktari alikuwa ameshaanza kumwelekeza nesi kuhusu dawa, naye ameshageuka kuifuata.

"Subiri," nikasema. "Si leo. Ni Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Jumanne hii. Asubuhi. Leo ni siku ya tatu."

Nesi akasimama mlangoni. Daktari akamtazama mama kitandani, kisha akanitazama mimi na mikono yangu. Akamwambia nesi arudi, dawa ile haitafaa tena, sasa ingeweza kumvujisha damu kichwani. Picha watampiga hata hivyo, akasema, na matibabu mengine yapo. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kuniuliza jina la mama na umri wake, polepole, kama mtu ambaye hana tena haraka.