Vumbi Kwenye Kitambaa

Asubuhi hiyo Delfina alikuwa jikoni, anagonga madumu ya barafu kwenye ukingo wa sinki ili yaachane. Yalikuwa madumu ya maziwa, yale ya plastiki. Anayaosha, anayajaza maji, anayalaza kwenye friza. Friza lake halikuwa na nyama tena wala mboga. Kiangazi chote lilikuwa la madumu tu.

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, lakini joto lilishaamka kabla yake. Usiku dhoruba ya vumbi ilipita Phoenix, jiji la jangwani Marekani, ikafunika kila kitu, magari, mapipa ya taka, viti vya nje. Mtaa mzima wa nyumba za bati ulikuwa na rangi moja, rangi ya biskuti. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Delfina akapangusa mpini wa toroli lake, akakaza bandeji ya goti, akatoka.

Kazi hii hakuna aliyempa. Yeye ni mpishi wa shule, na shule ikifungwa anakaa bure. Kiangazi kimoja Bi Hortensia wa nyumba ya kona alikutwa amekufa kwa joto, televisheni bado inaongea peke yake. Baada ya mazishi Delfina alianza kugonga milango ya wazee kila asubuhi, halafu akachukua pazia lake jekundu la sebuleni, akalikata vipande, akawagawia wazee wa mtaa. Akawaambia: ukiamka salama, funga kitambaa kwenye kitasa cha mlango. Jua likizama, kitoe. Asubuhi nikikuta mlango mtupu, nagonga. Usipojibu, naingia.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mzee Verlon, fundi wa mabasi aliyestaafu, mtu mrefu mwenye masikio makubwa.

"Zamani ulikuwa unanigongea kama polisi," alimwambia. "Sasa unataka nipambe mlango kama nina harusi."

"Bora nigonge mimi kama polisi kuliko waje polisi wenyewe."

"Wewe mwanamke una mdomo!"

"Na wewe una kiyoyozi kinachokohoa. Umemwambia mwenye nyumba?"

"Wa nini? Nimetengeneza mabasi maisha yangu yote, nishindwe na kisanduku cha upepo?"

Delfina alikuwa anapanda ngazi zake huku anacheka, mkono kwenye reli, mguu mmoja unaburuzika nyuma. Mzee Verlon akaacha utani.

"Hilo goti linakuuma."

"Goti la mtu mzima hilo, Mzee. Limechoka tu."

"Basi usipande ngazi zangu. Barafu niachie hapo chini, nitaifuata. Si unataka kitambaa? Utakiona."

Na kweli, tangu siku hiyo hakikukosekana. Wengine walisahau, wengine walikipoteza, mmoja alikifutia meza. Cha Mzee Verlon kilikuwepo kila asubuhi. Delfina akawa anamsifia kwa wenzake. "Igeni kwa Verlon! Anabisha kama mbuzi, lakini anafuata." Bi Twyla, jirani wa Verlon mwenye kijibwa cheupe, alikuwa akisikia hivyo anaangalia pembeni, anamkuna mbwa wake.

Hata Corinne, binti wa Mzee Verlon, anayeishi mbali huko Ohio, alikuwa anakaa akisubiri kitambaa hicho. Kila asubuhi Delfina alimtumia ujumbe mmoja, ule ule: Kitambaa kipo, baba yako mzima. Corinne anarudisha kamoyo kadogo kekundu, halafu anaingia kazini.

Asubuhi ile ya vumbi Delfina alikipita. Alikiona, kimening'inia kwenye kitasa. Akaweka dumu kwenye ngazi ya chini, akaandika ujumbe wake, akapokea kamoyo kake. "Mzee Verlon, barafu hiyo!" akaita, na toroli likaendelea kulia magurudumu. Siku hiyo kulikuwa na milango mitupu mingi, watu wamechelewa kuamka kwa sababu ya dhoruba. Aligonga, akaingia, akafuta vumbi kwenye meza za watu, akawanywesha maji. Goti likavimba.

Mchana, lami imelainika kama ugali, alirudi kuokota madumu matupu. La Mzee Verlon lilikuwa pale pale. Barafu ilikuwa imekwisha zamani. Akaligusa. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea.

"Mzee Verlon?"

Akasikiliza. Kiyoyozi hakikohoi.

"Hodi! Verlon!"

Akapanda. Hakujua goti lilipandaje. Mbele ya kitasa ndipo alipokiona kitambaa kwa karibu. Hakikuwa chekundu. Kilikuwa rangi ya biskuti, kama magari, kama mapipa, kama kila kitu kilicholala nje usiku ule. Na hakikufungwa kwa fundo. Kilizungushiwa waya mwembamba, umekazwa kwa koleo, ncha zake zimekunjwa ndani vizuri kabisa ili mtu asijichome.

Mlango haukuwa umefungwa. Joto lililotoka humo lilimsukuma nyuma kama mtu.

Alikuwa sakafuni chini ya dirisha, karibu na kiyoyozi alichokuwa amekifungua. Bisibisi ilikuwa bado mkononi.

Watu wa gari la wagonjwa walipanda mbio. Walishuka taratibu.

Bi Twyla alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nje, mbwa mapajani, machozi yanashuka bila kuyafuta.

"Alikifunga siku nyingi, Delfina," alisema. "Hakukitoa tena. Nikamwambia, wewe Verlon, huo ni udanganyifu. Akaniambia nyamaza Twyla, yule mama akija asubuhi anapanda ngazi kwa maumivu, mimi nimekaa ndani kama mfalme. Mwache apite."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Nikaona ni wema tu." Akainamia manyoya ya mbwa. "Si ulikuwa wema?"

Delfina aliomba koleo kwa Bi Twyla, akarudi juu, akafungua waya ule kidogo kidogo. Fundi alikuwa fundi. Ulichukua muda.

Nyumbani alikitia kitambaa kwenye sinki, pale pale anapogongea madumu, akafungua bomba. Maji ya bomba kiangazi hayapoi. Tope likatoka, likatoka tena, halafu wekundu wa pazia lake ukaanza kurudi. Akakikamua, akakianika kwenye mgongo wa kiti.

Polisi walikuwa wameshampigia Corinne. Delfina akachukua simu. Juu kabisa kulikuwa na ujumbe wa asubuhi, na kamoyo chini yake. Aliandika maneno mengi ya pole, akayafuta. Akaandika kuhusu waya, akafuta. Mwisho akaandika:

Corinne, kitambaa kilikuwa na vumbi la usiku. Nilikiona, nikapita.

Akatuma. Alama ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa.

Nje taa za mtaa ziliwaka. Delfina akaiweka simu mezani, uso juu, akaanza kujaza madumu ya kesho. Kila dumu likijaa alikuwa anafunga bomba kwanza, ili asikie kama simu italia.