Sura Kwenye TV, Sauti Kwenye Simu

Kwanza niseme, mdogo wangu si injinia. Aliwahi kuifufua pasi yangu iliyokufa, tukamwita Injinia kwa utani, naye akalibeba jina jumla jumla. Mchana ule ndiye aliyeshika rimoti, na mimi ndiye niliyekuwa naumwa kichwa.

Mama alikuwa kwenye kigoda mbele ya TV, pua karibu iguse kioo. Kesho yake alikuwa anaingia kufanyiwa upasuaji wa macho, na daktari alishamwambia wazi kwamba huenda akaona vizuri, huenda asione kabisa. Kwenye simu alikuwa haoni kitu siku zile, ila kwenye TV akisogea alikuwa bado anapata sura ya mtu. Na sura aliyoitaka kabla ya kesho ilikuwa moja tu, ya Baba.

Baba alifariki mwaka jana akiwa kwa kaka yetu mkubwa, alikokwenda kutibiwa. Asubuhi aliyoondoka waligombana na Mama kwa ajili ya ufunguo wa kabati. Mama anasema unao wewe, Baba anaapa hana. Jambo dogo kweli, lakini Mama alinuna, hakumsindikiza hata mlangoni, na Baba hakurudi tena. Baadaye Mama alilivunja lile kabati kwa nyundo. Mpaka leo mlango wake tunaushikiza kwa kipande cha lastiki nilichokata kwenye lastiki zangu za kushonea sketi.

Sasa wiki ile kaka akapata kwenye memori kadi ya zamani video iliyompotea, aliyomrekodi Baba kitandani. Akaibana iwe ndogo, akanitumia kwenye simu. Nilipomuuliza Baba anasema nini, akakataa katakata. "Baba alisema Mama amwone na amsikie mwenyewe. Mimi simo." Baada ya hapo akaingia kazini na simu akazima. Basi!

Injinia akaihamishia kwenye flashi, akachomeka kwenye TV. Baba akatokea. Jamani, Baba! Kavaa sweta la kijivu nililomrekebishia mikono, mto umewekwa mgongoni. Akakaa vizuri, akafungua mdomo, akaongea. Sauti hakuna.

"Ongeza," nikasema.

"Iko mwisho."

"Mwisho gani na sisikii kitu?"

Mama akageuka, uso umembadilika. "Kumbe alikuwa amekaukiwa sauti? Mbona hamkuniambia?"

"Hapana Mama, ni TV," nikamwambia, ingawa hata mimi sikuwa na uhakika. Niliibadilisha TV kwenye stesheni ya habari, mtangazaji akapiga kelele nyumba nzima ikatetemeka. Nikarudi kwa Baba, kimya. Kichwa kikazidi kuniuma.

Tukabaki kusoma midomo. Mimi niliona kama anaomba maji. Injinia akasema anataja nyumba. Kisha Baba akainua kitu kidogo kati ya vidole viwili, kikameta, naye akacheka.

"Kidonge," akasema Injinia.

"Kidonge kinameta?"

"Vipo."

"Anacheka nini?" akauliza Mama. "Ananicheka mimi?" Akaanza kusokota ncha ya kanga yake, jambo analolifanya akitaka kulia.

Hapo Injinia akapata wazo, na mawazo yake nayaogopa. Eti jina la faili linaishia kwa herufi ambazo TV haizipendi, kwa hiyo azifute aandike zile zinazopendwa. Akachomoa flashi, akaichomeka kwenye simu, akabonyeza bonyeza, akairudisha akiwa na tabasamu la daktari bingwa. TV ikaandika: faili haitambuliki. Sasa hata sura ikawa imekwenda.

"Umemfuta!" nikapiga kelele. "Umemfuta Baba!"

"Sijamfuta, nimembadilisha jina!"

"Rudisha jina lake sasa hivi kabla sijakubadilisha wewe!"

Akalirudisha. Baba akatokea tena, mzima, bubu vilevile. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani.

Nikampigia fundi wa simu wa pale kona, nikamweleza yote kwa pumzi moja. "Dada," akasema, "hiyo faili ichukulie kama sanduku."

"Mimi nakuuliza TV, wewe unaniletea sanduku?"

"Nisikilize basi. Ndani ya sanduku kuna picha na kuna sauti, kila moja imefungwa kivyake. TV yenu picha imeijua kuifungua, sauti haijui. Kubadilisha jina ni kubadilisha lebo ya nje tu."

Hilo la lebo nililielewa. Hata nikishona lebo ya hariri kwenye shati la pamba, pamba ni pamba. "Kwa hiyo wewe unaweza kuifungua hiyo sauti?"

"Ningeifunga upya ndani ya dakika chache. Ila kompyuta yangu iko kwa fundi."

"Fundi naye ana fundi?"

"Kwani wewe nguo zako unajishonea?"

Hapo alinipata, maana gauni nililovaa nililinunua. Akaniambia nijaribu kwenye simu, huenda yenyewe ikaifungua sauti. Nikamshukuru, nikakata.

Nikaifungua kwenye simu yangu ya zamani. Kioo kikawa cheusi tititi, picha hakuna. Ghafla, kwenye kiganja changu, Baba akakohoa. Kikohozi chake kilekile, cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo.

"Zima!" Mama akapiga kelele. "Zima hiyo!"

Nikazima. Sikumwelewa kabisa. Mtu anatafuta sauti muda wote huu, ameipata, anasema zima?

"Alisema nimwone na nimsikie," akasema taratibu. "Sitaki nusu nusu."

Tukatazamana mimi na Injinia. Nadhani wazo lilitujia pamoja, ingawa yeye mpaka leo anasema ni lake. Akairudisha video ya TV mwanzo, akaisimamisha. Mimi nikafanya hivyo hivyo kwenye simu, nikaisimamisha simu kando ya kioo cha TV, karibu na shavu la Baba. Moja, mbili, tatu, tukabonyeza wote wawili.

TV ilichelewa kidogo. Sauti ikatangulia, mdomo ukafuata nyuma yake. Mama hakujali. Aliweka kiganja kwenye kioo.

"Inarekodi hiyo?" akasema Baba. "Haya. Mama watoto, ulinuna bure. Hapana, hukununa bure. Uliniambia ninao, nikakuapia sina. Leo nimeingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Tazama."

Kwenye TV mkono ukapanda, kile kitu kikameta kati ya vidole. Hakikuwa kidonge.

"Ulikuwa na haki, na nimekosa. Sasa nakuomba kitu kimoja. Nakujua wewe na hasira zako, usije ukalivunja lile kabati. Nivumilie tu. Nakuja nao mwenyewe, nikufungulie."

Simu ikanyamaza. Kwenye TV mdomo wa Baba ulikuwa bado unamalizia maneno, na Mama akautazama mpaka ukafunga. Akageuza uso kuelekea kabati letu na lastiki yake. Kisha akarudi kwa Baba, akamsogelea hadi paji la uso likagusa kioo.

"Nimeshalivunja, baba watoto," akamwambia. "Njoo tu."