Glavu Nyeupe Mlangoni pa Mahakama

Jaji aliamua kwamba jiji la Chicago halina haki ya kupiga marufuku maduka ya bunduki. Ernestine Pettway hakulia. Machozi yake aliyamaliza kwenye kaburi la mwanawe aliyepigwa risasi. Leo alivaa sare nyeupe na glavu, kama anavyovaa kila Jumapili akisimamia mlango wa kanisa. Mahakama ilikataza picha za marehemu. "Glavu hawajakataza," aliwaambia akina mama wenzake waliofiwa, nao wakavaa.

Hukumu ilipokwisha, alitangulia kutoka, akasimama mlangoni, mkono mmoja mgongoni, wa pili juu, kiganja wazi. Nyuma yake akina mama wakainamisha vichwa.

Wakili Lamont Gadsden, aliyewashindia wenye maduka, akatokea na mteja wake. Waandishi wa habari walikuwa wakimngoja nje.

"Mama, tupishe bwana, tuna shughuli," mteja akafoka.

Lamont akamshika mkono. "Tulia. Wanaomba."

"Sasa huyu anatuzuia kwa sheria gani?"

"Mkono ule ukiinuka wakati wa maombi, hata mchungaji hapiti. Mimi nimelelewa kanisani kwake." Akavua kofia.

Ernestine akataja watoto waliouawa, mmoja mmoja, bila haraka, kamera zikimtazama. Hakuna aliyethubutu kupita. Alipomaliza, akashusha mkono.

"Haya, Lamont, pita. Kesi umeshinda, mwanangu, hongera. Lakini Jumapili uje, na ukumbuke mlango wa kule nausimamia mimi."