Kitanda cha Kobe wa Patron

Hebu fikiria mwanamke mzima, mama wa nyumba, amepiga magoti kwenye baraza ya watu, anawatandikia kobe vizuri kuliko anavyomtandikia mtoto wake mwenyewe. Ndivyo Albertine alivyokuwa akifanya katika miaka ile ambayo mji mzima wa Likasi ulikuwa umeshika tama. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele huko hakuna pa kuchekea.

Kobe walikuwa watatu, wa Carlos, patron wake, yaani tajiri wake, Mreno mwenye kinu cha kusaga mahindi. Baada ya ule uporaji uliomaliza maduka ya mji, Carlos alihamia Lubumbashi na kumpeleka binti yake Ureno. Nyumba alimwachia Albertine aifagie, na kobe alimwachia awatunze, kwa sababu kila binti alipopiga simu alianza kuwaulizia kobe kabla hajamsalimu baba yake. Albertine, mumewe Floribert na mtoto wao Orpa waliishi katika chumba cha uani, na Carlos alikuwa amesema wazi: kobe wakifa, chumba kitatafutiwa mtu mwingine.

Zamani kobe walilalia unga wa mbao kutoka karakana ya seremala. Lakini makaa yalipokuwa ghali, watu walianza kushindilia unga huo kwenye makopo na kuupikia, na hapakubaki hata wa kutupa. Basi kila mwezi Carlos aliwaletea kobe wake gunia la pumba za mahindi kutoka kinuni. Gunia zima, la kulalia.

Sasa wewe niambie, mtu mwenye njaa atalitazamaje gunia lile?

Floribert alikuwa mkubwa wa zamu kiwandani siku kiwanda kilipokuwa bado kiwanda. Wafanyakazi wa kampuni walizoea kupewa unga mweupe kila mwezi, na katika kambi zao pumba zilikuwa chakula cha nguruwe na bata. Mtu hakuzitaja mezani. Mshahara ulipogeuka hadithi, waliuza redio, wakauza kitanda, wakauza mashine ya kushonea, na haya yao peke yake ndiyo waliyobaki nayo. Kisha nywele za Orpa zikaanza kuwa nyekundu, miguu ikavimba. Sista wa zahanati alimshika mtoto kidevu, akamtazama machoni, akamwambia Albertine, "Mama, huyu mtoto hana ugonjwa. Ana njaa."

Siku ile ile Albertine alichota beseni la kwanza la pumba za kobe.

Alizitwanga mchana, mlango umefungwa, redio ya jirani ikipiga kelele upande wa pili. Alizichekecha, akazichanganya na unga kidogo wa muhogo, akasonga bukari, ugali mweusi uliokuwa unakwaruza koo. Orpa alikula akaomba tena. Floribert alikula ameinamisha kichwa mpaka akamaliza, ndipo akasema.

"Minye nilikuwa chef, mukubwa ya bantu. Sikiliza, Albertine. Muntu asijue. Hata bamama ba kanisa, hata Mama Kabamba hapa pembeni. Siku bantu bataniita mula-pumba, minye nitaenda, hautaniona tena."

"Sitasema," Albertine alimjibu. Na alimjua mumewe: alikuwa hasemi ovyo.

Kobe sasa walibaki kwenye saruji tupu. Wangepata baridi, wangeumia miguu, wangekufa, na chumba kingekwenda nao. Ilibidi awatafutie kitu cha kulalia ambacho hakuna binadamu angekitaka kwa kula wala kwa kuwasha moto, na katika mji ule kitu cha namna hiyo hakikuwa rahisi kupatikana. Magazeti yalikuwa yanafungiwa karanga. Nyasi ndefu zilikuwa zinaezekewa vibanda. Alizunguka siku nzima na gunia tupu begani, karibu alie njiani.

Mwishowe alisimama mbele ya kichuguu nyuma ya makaburi. Udongo wa mchwa, nani angeugombania? Alibomoa kipande, akakibeba kichwani, akakiponda kwenye kinu kile kile cha pumba. Aliuchekecha udongo, akauchanganya na mchanga wa mtoni aliouosha mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akaukaanga juu ya bati, akiugeuza kwa mwiko ili kila kiroboto na kila yai la mdudu life, akauacha upoe kivulini. Juu yake alimwaga majani makavu ya miti ya porini, yaliyovunjwavunjwa kwa mkono. Pembeni akaacha unyevu kidogo, kwa sababu aliwahi kuona kobe wa porini wakijichimbia penye unyevu.

Kobe walijichimbia mpaka wakabaki migongo tu. Wiki haikupita, macho yao, ambayo siku zote pumba ziliyafanya yatoe machozi na ukoko, yakakauka yakang'aa. Walianza kula majani kama wendawazimu. Orpa naye miguu ikanywea, akaanza tena kukimbiza kuku wa watu. Albertine alikuwa na furaha, na aliiogopa furaha ile. Kabla ya Carlos kufika, alikuwa akinyunyiza konzi chache za pumba juu ya majani, ili mwenye mali aone mali yake.

Siku moja Carlos alikuja bila kutarajiwa. Gari lilisimama, mlango ukapigwa, na Albertine akatoka mbio akakuta patron ameshapiga magoti kwenye baraza, mkono ndani ya boma la kobe, anakinusa kile kitanda cha udongo. Juu yake hapakuwa na hata chembe ya pumba. Nyuma ya gari gunia jipya lilikuwa limelala, dereva ameshaanza kulishusha.

"Albertine. Pumba yangu iko wapi?"

Floribert alikuwa bombani anajaza ndoo, mgongo kwao, na maji yalikuwa yameshajaa yanamwagika lakini hafungi. Albertine alikuwa na majibu mawili tu. Moja lilikuwa la kweli, na lingemwondoa mume nyumbani. Akachukua la pili.

"Nilitupa, patron. Ilikuwa inaoza. Ilikuwa inaumiza bakobe macho."

Alingoja matusi. Carlos alimwinua kobe mkubwa, akamgeuza, akamtazama jicho la kushoto na la kulia. Kisha akacheka kwa sauti, meno yote nje.

"Lakini hii ni muzuri sana! Angalia macho! Unatengenezaka na nini?"

"Udongo ya kichuguu, patron. Na mchanga, na majani. Ninakaangaka ku moto."

"Na haina bei?"

"Haina."

"Mutoto yangu atafurahi. Bravo, Albertine, bravo." Akasimama, akajipangusa magoti, akamgeukia dereva. "Rudisha gunia. Pumba haina kazi tena hapa. Tutapeleka ku Kapolowe, kwa ule muntu ya nguruwe. Na ingine, kila mwezi, kwake."

Albertine alipiga hatua kuelekea gari. "Patron, acha tu gunia. Pengine..."

"Pengine nini? Itaoza. Ni weye mwenyewe unasema."

Alimtazama Floribert. Floribert alikuwa amelifunga bomba, ameshika ndoo, anatazama chini. Orpa alikuwa mlangoni na bakuli tupu mkononi, kwa sababu ilikuwa saa ya kula na alikuwa mtoto tu. Gari likawaka.

Albertine alikimbia. Alikimbia bila viatu, kitenge kimemfunguka ubavuni, katikati ya barabara, mbele ya watu wa mtaa mzima waliokuwa wamekaa milangoni mwao.

"Patron! Patron, simama! Ni bongo nilisema, ni uongo! Tunakulaka! Ile pumba tunakulaka, minye na bwana na mutoto! Tunakulaka!"

Vumbi lilimjaa kinywani. Gari lilikata kona bila hata kupunguza mwendo. Alipogeuka nyuma, Floribert alikuwa ameweka ndoo chini na anatembea polepole upande wa pili wa barabara, upande wa stesheni, wala hakugeuka alipomwita.

Mama Kabamba alikuwa ametoka hadi ukingoni mwa barabara. Ndiye yule ambaye kila Jumapili, baada ya misa, aliwahadithia watu samaki aliopika. Alimkaribia Albertine, akamfunga kitenge chake vizuri, na Albertine akafumba macho akingoja kicheko.

"Mama Orpa," alisema Mama Kabamba kwa sauti ndogo, "ule muntu ya Kapolowe, nguruwe yake inaachaka hata pumba kidogo?"