Mama Kola

Kiwandani walimwita Mama Kola, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na minne alishona kola za mashati, na hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mkono. Kiwanda kilipofungwa hakubabaika hata kidogo. Fundi ni fundi bwana, alijiambia, akaenda kuomba kazi kwenye duka la ushonaji.

Mwenye duka, mama wa makamo mwenye futi shingoni, hakutaka hadithi ndefu. Alimtandazia kitambaa mezani. "Haya dada, nishonee shati la mtoto."

Mama Kola akaketi, akatia uzi kwenye cherehani, akanyoosha mkono wa kushoto kupokea kipande kilichokwisha katwa, kama alivyozoea. Mkono ukashika hewa. Hapakuwa na mtu wa kumpitishia chochote. Akaushika mkasi, akakitazama kitambaa kizima, akafa ganzi. Miaka yote hiyo, na hajui hata mkono wa shati unakatwaje!

"Vipi tena?" aliuliza mwenye duka.

"Mimi ni wa kola," alijibu. "Shati moja tulikuwa tunashona watu thelathini."

"Basi kawalete wote, maana mteja wangu havai kola peke yake."

Alitoka uso unamwaka, na hasira zikampeleka moja kwa moja hadi chuo cha ufundi. Karani akamuuliza anataka kujifunza nini.

"Kazi za wale ishirini na tisa waliobaki," alisema.